Ubao wa Ndako ya Moto

Pasta Efoloko alikuwa na majuma matatu ya kupata waumini arobaini, na mpaka asubuhi ile alikuwa nao wanne: mkewe, dada wa mkewe, mzee mmoja kiziwi aliyependa kivuli, na yeye mwenyewe, kama inaruhusiwa mtu kujihesabu.

Askofu wa kanisa mama kule Kinshasa alikuwa amemwandikia barua isiyo na salamu nyingi. Angepanda boti mpaka Mbandaka, angeingia ibadani Jumapili ya tatu, na angehesabu. Wakifika arobaini, kiwanja na lile banda la mabati vingekuwa vya Efoloko kwa maandishi na muhuri. Wasipofika, kiwanja angepewa mchungaji mwingine wa upande wa pili wa soko, kijana mwenye gitaa la umeme na meno mazuri, na Efoloko angerudi alikotoka.

Alikotoka ni karakana ya shemeji yake, Ilonga, fundi wa pikipiki. Miaka kumi na mmoja Efoloko alikuwa amelala chali chini ya injini za watu, oili ikimdondokea jichoni, huku shemeji amekaa kitini akimwelekeza kwa mguu. Siku aliyopata wito alisimama katikati ya karakana, mbele ya wateja, akatangaza kwamba hatashika tena spana mpaka Yesu arudi. Ilonga, bila kuutoa mguu kwenye kibao, alimjibu kwamba asijali, spana zitamsubiri, maana yeye atakuwa amerudi kabla ya Yesu. Neno hilo lilimkaa Efoloko kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa tayari kufa njaa, na mkewe afe naye kidogo, kuliko kumpa Ilonga furaha ile.

Mkewe, Bolumbu, ndiye aliyegundua kwamba kanisa halina jina. Miezi minne watu walikuwa wakipita nje wakisikia kelele wakidhani ni mume na mke wanagombana, na si mara zote walikuwa wamekosea. Akasema kitu kisichoandikwa hakipo. Kwa hiyo akaitwa Lokuli, mchora mabango.

Lokuli alikuwa na mkono wa malaika na ulimi wa kima. Nusu ya mji ilikuwa imepita kwenye brashi yake: vilabu vya pombe, vinyozi, majeneza, mitumbwi. Alikuwa amechora Kisangani, Lubumbashi na Matadi, na alikuwa amefungwa mara mbili kwa kuchora picha za wakubwa zilizofanana nao mno. Alikaa juu ya ndoo yake ya rangi, akauliza jina. Efoloko akavuta pumzi, akalitoa kama mtu anayefungua jeneza na kumkuta maiti anacheka: Ndako ya Moto.

"Moto upi?" Lokuli akauliza.

"Kwani kuna upi mwingine? Ule ulioshuka Pentekoste."

Sasa, ndako ni nyumba, hilo halina ugomvi. Ugomvi uko kwa huyu mwenzake. Kilingala ni lugha ya kuimbwa. Neno moto ukilianzia juu ukalishusha, ni moto huu huu unaounguza vidole. Ukilianzia chini ukalipandisha, ni kichwa. Ukiliacha lijilalie chini mwanzo mpaka mwisho, ni mtu. Na tangu pikipiki za Wachina zianze kuwanyang'anya mkate waendesha baiskeli, liko la nne, la Kifaransa, ambalo ni pikipiki, nalo hupandia mwishoni kama mlevi anayetafuta ngazi. Mdomoni hakuna anayekosea, hata kichanga. Lakini rangi haina sauti. Ubaoni yote manne ni herufi zile zile nne, zimekaa kimya kama mashahidi waliohongwa.

Lokuli alilijua hilo, na alijaribu kulisema kwa njia yake, yaani njia ndefu. Alieleza kwamba Waswahili wa Lubumbashi wao moto wao ni mmoja tu, na hata chai wanaiita ya moto. Yule moto wa Kilingala aliye binadamu, wao wamembana katikati wakambakiza mtu. Ukienda kwa Waluba, mutu ni kichwa, na moto wanauita kapya, kwa hiyo usije ukapiga kelele za moto nyumba ikiungua huko, watakupa pole ya kichwa. Wakongo wa Matadi kichwa chao ni ntu na moto wao ni tiya. Kulikuwa pia na Mjapani mmoja, mtu wa visima, ambaye Lokuli alimchorea ramani ukutani. Huyo alisema kwao moto ni chimbuko, pale kitu kinapoanzia. Neno dogo, alisema Lokuli, lakini limetembea kuliko yeye, na kila lilipofika limeoa.

Efoloko akamwambia hakumwita aje kuoza maneno. Achore.

Basi akachora: NDAKO YA MOTO, herufi nene, zimesimama kama askari wa gwaride. Pasta akataka na ndimi za moto pembeni. Lokuli akasema nyekundu imeisha, imebaki kijani ya kilabu cha jana. Pasta akajibu kwamba Roho hachagui rangi.

Mtu wa kwanza kuvutwa na ubao alifika siku ya Jumatatu, jua halijapata nguvu. Alikuwa Bompongo, mwendesha pikipiki wa kubeba abiria, mrefu, mwenye kofia ya sufi katikati ya joto la Ikweta. Alikuwa akiisukuma pikipiki yake, tairi la nyuma limelala kama ulimi wa mbwa. Efoloko alitoka na Biblia mkononi na uso wa kupokea mwana mpotevu. Bompongo akamwuliza gundi anayo au aende kwa Ilonga.

Kusikia jina la shemeji yake, Efoloko akamfukuza kwa mistari mitatu ya Agano la Kale.

Wakaja wengine wanane siku hiyo, wote na magurudumu. Katikati yao akaingia mwanamume mwenye njaa, akakaa kwenye benchi, akaagiza kisamvu na samaki wa kuokwa na kwanga mbili, ile mikate ya muhogo. Pasta alipomwuliza nani kamwambia hapa pana chakula, alionyesha ubaoni: zile ndimi za kijani si majani ya muhogo? Na juu yake si pameandikwa nyumba ya mtu? Yeye alidhani ni mtu anayepika.

Alasiri akaja Mama Ekila, mjane wa mtaa wa jirani, ameshika kichwa kwa mikono miwili kama anayebeba mtungi uliopasuka. Kilikuwa kinamgonga tangu Alhamisi, na alisikia kuna nyumba ya kichwa imefunguliwa. Huyo Efoloko hakuwa na mstari wa kumfukuzia. Alimkalisha kivulini, akamwombea kwa sauti ya chini kwa sababu ya kichwa chenyewe, na Mama Ekila akalala usingizi benchini. Alipoamka, kichwa kilikuwa kimenyamaza. Akaahidi kuja Jumapili.

Lakini walio wengi walisoma, wakapita. Mji ule kiwanja kimoja huweza kuuzwa mara tatu kabla ya chakula cha mchana, na kila mwenye nyumba ameandika ukutani kwamba hapa ni pake na hapauzwi. Watu wakaona ubao, wakauelewa vizuri kabisa: nyumba ya mtu, pita zako. Na wao ni watu wenye adabu.

Efoloko akarudi ndani akatupa Biblia kitandani, akaenda kuiokota, akaibusu, akaiweka taratibu. Akamwambia mkewe kwamba kesho Lokuli aje aufute ubao, au aongeze alama juu ya herufi, au achore Pentekoste yote na mitume kumi na wawili, haijalishi.

Bolumbu alikuwa akichambua mboga. Akauliza leo wamekuja wangapi. Efoloko akasema hakuja mtu, wamekuja wenye pancha tisa, mwenye njaa mmoja na mwenye kichwa mmoja. Bolumbu akahesabu kwa vidole, polepole, ili mumewe aone kila kidole.

"Kumi na mmoja," akasema. "Umefunga siku saba ukimwomba Mungu watu. Kakuletea watu. Ulitaka waje bila matairi?"

"Niliapa, Bolumbu. Mbele ya kaka yako."

"Uliapa spana. Mimi nilikuwepo. Pancha inazibwa kwa spana tangu lini?"

Efoloko akashindana na dhamiri yake, akaitupa chini. Ni kweli. Tairi hung'olewa kwa kitu chochote bapa na kigumu. Agano lake na Mungu lilihusu spana, na Mungu si mtu wa kuongeza vifungu baada ya kutia saini. Kesho yake akachukua vijiko viwili vikubwa vya mkewe, pampu ya kuazima na kopo la gundi, akatangaza kwa Bompongo na wenzake: pancha inazibwa bure, na haizibwi siku nyingine yoyote isipokuwa Jumapili, baada ya amina ya mwisho.

Jumapili ya kwanza waliingia kumi na tisa. Waliegesha pikipiki nje, wakabeba magurudumu ndani, wakayakumbatia mapajani kama watoto wa kubatizwa. Efoloko alihubiri kwa muda wa saa mbili na robo juu ya moto wa Mungu, akilipandisha neno pale linapopanda na kulishusha pale linaposhuka, safi, kama mzaliwa wa Wangata, mtaa wa wenyeji wa mji ule. Jumapili ya pili walikuwa thelathini na wanne. Wengine pancha zao zilikuwa na alama ya msumari iliyonyooka mno, kama ya mtu aliyejitobolea mwenyewe kwa kusudi. Efoloko hakuuliza. Yesu naye hakuwauliza wale elfu tano kama kweli hawakubeba chochote kutoka nyumbani.

Ilonga alipita Jumapili hiyo, akasimama ng'ambo ya barabara, akautazama ubao, kisha akamtazama shemeji yake aliyekuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu na kijiko mkononi. Alicheka tu, na kicheko kile Efoloko akaenda nacho mpaka kitandani.

Jumapili ya tatu Askofu Tshilumba akafika. Alikuwa Mluba wa Kasai aliyekulia misheni, mfupi, mpana, mwenye miwani ya dhahabu na sauti ya kuamsha mahabusu. Banda lilikuwa limejaa. Mabenchi yaliisha, watu wakakalia matairi. Efoloko aliwahesabu mara mbili kutoka mlangoni akapata hamsini na sita, bila ya yule kiziwi, na moyo wake ukacheza.

Kumbe askofu hakuzaliwa jana. Alisimama mbele, akavua miwani, akasema amezunguka nchi hii yote na ameona makanisa yaliyojaa watu wa kuazimwa: yaliyojaa wanafunzi, yaliyojaa wafiwa, na mara moja hata lililojaa timu mbili za mpira pamoja na mwamuzi. Kwa hiyo yeye hahesabu makalio. Anahesabu kiu. Atauliza swali moja, na mikono itakayoinuka ndiyo kanisa.

Hapo ndipo Efoloko alipokumbuka kwamba askofu ni Mluba. Maana Waluba nao huimba wanaposema, lakini wimbo wao umegeuzwa kama shati lililovaliwa ndani nje: pale wenzao wanapopanda wao wanashuka, na wenzao wakishuka wao wako juu ya paa. Askofu alikuwa na Kilingala kingi, chote kichwa chini miguu juu.

"Ndugu zangu," akanguruma, "nani hapa anataka Mungu ampe moto?"

Akauanzia chini, akaupandisha mpaka kwenye mabati.

Banda zima likatazamana. Kwa masikio ya pale alikuwa ameuliza nani anataka kichwa. Kichwa kila mtu alikuwa nacho tayari, kizuri au kibaya. Ikabaki maana moja tu inayopandia mwishoni, ile ya Kifaransa, yenye magurudumu. Efoloko, aliyesimama nyuma ya askofu, aliiona maana hiyo ikitembea kutoka benchi hadi benchi, na macho ya watu hamsini na sita yakimgeukia yeye.

Bompongo ndiye aliyesimama, kofia ya sufi mkononi.

"Baba Askofu, kila mtu wake? Au tutakuwa tunapokezana?"

"Kila mtu wake," akasema askofu, amefurahi.

"Mpya?"

"Mpya, haujaguswa na mkono wa mwanadamu."

"Na mafuta?"

"Mafuta?" Askofu alinyoosha mikono yote miwili. "Mafuta yatafurika, mwanangu, mpaka yawamwagikie vichwani."

Bompongo akawatazama wenzake, akainua mkono. Ikafuata mikono, mmoja, mitano, kisha kama mahindi baada ya mvua. Mama Ekila aliinua. Yule kiziwi akaona wenzake wameinua, akainua. Askofu alipita katikati akigusa hewa kwa kidole, akafika arobaini na nane, machozi yakamlengalenga. Kisha akamgeukia Efoloko, akamwuliza kwa Kifaransa, kwa utaratibu wa mtu anayeshika muhuri, kama watu hawa wanaelewa wanachokiomba.

Kulikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa la kweli, na mwisho wake alimwona Ilonga kitini, mguu juu.

"Baba Askofu," akasema Efoloko, "miaka yangu yote sijaona watu wanaokitaka kitu kama hawa."

Muhuri ukapigwa juu ya benchi, palepale. Jumatatu askofu akapanda boti kurudi Kinshasa, na kutoka kwenye ngazi ya boti akawaahidi waliomsindikiza kwamba mwezi hautaisha kabla hawajapokea.

Juma lile Efoloko hakula. Kiwanja kilikuwa chake, karatasi ilikuwa chini ya godoro, na yeye alikuwa amelalia juu yake kama kuku anayeatamia yai la mamba. Watu arobaini na wanane walikuwa wameahidiwa pikipiki mpya, mbele ya madhabahu, na yeye ndiye aliyeitikia. Alijua waendesha pikipiki. Mmoja wao akidhulumiwa chenji, barabara hufungwa. Aliona banda likiungua, na jina lake ubaoni likipata maana moja tu kwa mara ya kwanza. Jumatano akasikia wawili wanabishana nje kama yao wachukue nyekundu au buluu, akaingia chini ya kitanda kutafuta kitu ambacho hakukijua.

Bolumbu alimwambia uongo ni kama pancha, huwezi kuukalia mpaka ujizibe wenyewe. Akamwambia pia kwamba wakimpiga, yeye atasema alikuwa hamjui vizuri.

Jumapili wakaja, wote, hata zaidi. Efoloko hakufungua Biblia. Alisimama mbele yao mikono imening'inia, akasema ana neno la kuungama. Askofu hakuahidi pikipiki. Askofu alisema moto, na hapo Efoloko akaliimba neno mwenyewe, juu kisha chini, moto wa mbinguni, ila ulimi wa Kiluba uliupindua. Yeye alikuwa amesimama pale, alijua, na alinyamaza, kwa sababu bila mikono yao angepoteza kiwanja. Hapatakuwa na pikipiki. Kama wanataka kuvunja, waanze na mabenchi, yale ni ya kuazima.

Halafu mtu wa nyuma akakohoa kicheko, akakimeza.

"Pasta," akasema Bompongo, "sisi tunajua."

"Mnajua nini?"

"Tunajua alisema moto. Mimi nabeba Waluba kila siku. Wakipanda nashuka, wakishuka napanda, na tunafika sokoni. Ulidhani mtu anaweza kuniambia Mungu anagawa pikipiki za Wachina?"

Efoloko akatazama uso hadi uso. Walikuwa wanatazama matairi yao kwa heshima, mabega yakitikisika. Akauliza, kama ni hivyo, mikono ile ilikuwa ya nini.

"Ulikuwa nyuma yake unatutazama kama mbuzi aliyesikia kisu kinanolewa," Bompongo akasema. "Tukuache? Ukiondoka nani atatuzibia?"

"Na yale maswali? Mpya, mafuta?"

"Yale nilikuwa najifurahisha tu, Pasta, kama wale wa nyekundu na buluu. Siku ilikuwa ndefu."

Hapo banda lilipasuka. Walicheka mpaka matairi yakaviringika, Mama Ekila akaomba asichekeshwe, kichwa kitarudi. Efoloko alisimama pale kama mtu aliyejiandaa kubeba gunia la chumvi akakuta ni pamba: mgongo wote uliokazwa haukuwa na kazi. Majuma matatu alikuwa amewavua hawa kwa chambo, akijisifu kimoyomoyo kwa ujanja wake, na samaki walikuwa ndani ya ndoo kwa hiari yao, wakimwonea huruma. Aliuliza, akijaribu sauti isitoke ya kuumia, kama basi na mahubiri yake yote walikuwa wakiyasikiliza kwa huruma.

Bompongo alifikiri kwa haki kabisa kabla ya kujibu.

"Hapana. Yako mazuri," akasema. "Lile la Elia na wale manabii wa uongo nimelirudia kwa abiria. Ila ni marefu, Pasta. Yanatuua."

Efoloko akakunja mikono ya shati. Akamwambia alete gurudumu hapo hapo mbele, kabla ya ibada, akatafuta tundu, akalikwangua, akapaka, akabandika kiraka. Kisha akahubiri huku amekibana kwa kidole gumba, na siku hiyo neno la Mungu lilichukua muda ule ule wa gundi kukauka.